UZI MAALUMU: Kudunga sufu kwa sindano, kwa anayeanza kabisa (nilianza kwa kuchoma sufi ya mto masaa mawili)

SindanoTatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili la kazi za mikono, nakula vya wenzangu na kunawa. Leo na mimi nilipe deni. Kila baada ya siku chache anakuja mtu kuuliza "hivi vile vinyama vya sufu vinatengenezwaje?", anajibiwa mistari miwili, uzi unakufa. Basi nimekaa chini niandike kwa mapana. Andaeni macho.

Nianze na kisa changu, mcheke kabisa halafu tuingie kazini.

Niliona picha ya bundi mdogo wa kuenea kiganjani. Macho meusi, kifua kinatoka kahawia kwenda weupe taratibu, huoni rangi moja inaishia wapi. Maelezo ya chini yalisema tu: chukua sufu, chukua sindano, dunga mpaka lipatikane umbo. Ndani nilikuwa na mto mkuukuu umepasuka pembeni. Nikajiambia, si sufu hii hapa? Nikachomoa fungu, nikatafuta sindano ya kushonea, kazi ikaanza. Masaa mawili, wakuu. Kidole cha shahada kimetoboka mara nne, na fungu liko vilevile kama nilivyolitoa mtoni. (Kwenye mto wa kulalia, si ule wa maji, msije mkaanza.) Nikilipuliza linapaa.

Makosa yalikuwa mawili kwa mpigo. Kilichokuwa kwenye mto ni sufi, si sufu. Herufi moja! Sufi hutoka kwenye msufi, ni mti. Unyuzi wake ni mfupi, mlaini, una utelezi wa nta na ndani uko wazi kama mrija. Unafaa mto maana unarudi juu ukiubonyeza, na kwa sababu hiyohiyo hautakaa ushikane. Sufu ni manyoya ya kondoo. Kila unyuzi una magamba madogo yaliyopandiana kama ya samaki, halafu wenyewe umejipindapinda kama chemchemi. Nyuzi za namna hiyo zikikutana zinang'ang'aniana.

Kosa la pili ni sindano. Ya kushonea imesuguliwa ipite bila kukamata kitu, kazi yake ni kupitisha uzi. Ya kudungia sufu ina urefu kama kidole cha kati, juu imepindwa, chini ina ncha kali. Ukiitazama kijuujuu utasema ni sindano tu. Ila ilaze kwenye ukucha uivute polepole: utaihisi inakwaruza. Kwenye kingo zake kuna vijino vidogo mno vilivyochongwa kuelekea chini. Ikiingia, vijino vinakamata nyuzi na kuzizamisha. Ikitoka, vinaziacha hukohuko. Ni ndoana iliyogeuzwa. Ndoana inakamata ikivutwa, hii inakamata ikisukumwa. Rudia mara elfu moja na nyuzi za juu zimefungana na za ndani, fungu limenywea, limekuwa gumu.

Ule mpindo wa juu nao una sababu. Hizi ni sindano za kiwandani. Zinapangwa kwa maelfu kwenye ubao wa mashine, ubao unapanda na kushuka, nyuzi zinashindiliwa kuwa kitambaa pasipo kufumwa. Mpindo ndio unaozishikilia kwenye ubao. Wanaotajwa sana kuwa waanzilishi wa kuishika moja mkononi na kuchonga nayo ni David na Eleanor Stanwood wa Massachusetts, Marekani, miaka ya 1980. Kwa hiyo ni ufundi mchanga, tusitishane.

Haya, vifaa. Huhitaji vingi.

Sindano zina namba, na namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Hapo wengi wanaingia mkenge. Namba 36 ni nene, ya kushindilia fungu likiwa bado wingu. 38 ni ya kazi zote. 40 ni ya kumalizia, kulainisha uso na kuweka vitu vidogo kama pua. Ukiwa na uwezo wa kuchukua namba moja tu, chukua 38, na uchukue nne au tano, maana utazivunja. Nyingine zina kingo tatu, nyingine nne kama nyota. Yenye kingo nne ina vijino upande mmoja zaidi, lakini wiki ya kwanza hutaiona tofauti.

Sponji ya kudungia juu yake. Iwe nene kuliko sindano inavyozama, na iwe imeshikana. Sponji legelege inameguka, unakuta vipande vya njano tumboni mwa mnyama wako.

Na sufu. Sufu huja kwa sura mbili na hili ndilo ningependa mtu angeniambia mapema. Kuna iliyochanwa: kamba ndefu inayong'aa, nyuzi zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Inapendeza machoni, mgeni yeyote ataikimbilia. Na kuna iliyochambuliwa: iko kama wingu, nyuzi zimepishana huku na kule, haina mvuto wowote. Anza na hii ya pili. Nyuzi zilizokwisha kupishana zenyewe zimekupunguzia nusu ya kazi. Ile ya kuchanwa, hasa ya kondoo wa Merino ambao nyuzi zao ni nyembamba mno (kama maikroni 17 hadi 24, yaani sehemu za elfu za milimita), inateleza, inaacha alama za matundu, na utadunga mpaka ukate tamaa. Iweke kwa ajili ya ngozi ya juu, nywele na mikia. Ya ndani iwe ya kondoo mwenye unyuzi wa kukwaruza kidogo, kama Corriedale au Romney.

Nikimaliza kula nakuja na namna ya kudunga. Ulizeni wakati huo.

---

Kijiti

Mkuu umeshusha nondo. Nimeweka mkeka hapa, sitoki.

---

TaiChongo

Sasa mtu mzima unakaa masaa mawili kuchoma manyoya ili upate panya? Si ununue panya wa plastiki yaishe.

---

Kijiti

@TaiChongo wewe unakaa masaa mawili kuangalia watu 22 wakifukuza mpira ambao hata hupewi. Tuachie panya wetu.

---

SindanoTatu (mleta uzi)

Nimerudi. @TaiChongo karibu tu mkuu, sindano ziko nyingi.

Kudunga. Anza na mpira. Najua mnataka bundi, lakini mpira una kila kitu ndani yake. Anayeweza mpira wa mviringo safi, mgumu, usio na bonde, anaweza mnyama yeyote, kwa sababu mnyama ni mipira na vidole vilivyounganishwa.

Usikate sufu kwa mkasi. Shika fungu kwa mikono miwili iliyoachana, vuta taratibu, litaachia lenyewe na kubakiza ncha zenye manyoyamanyoya. Ncha hizo ndizo zitakazoshikana. Ukikata unapata ncha butu, zinachomoza kila mahali.

Chukua fungu la kujaza viganja viwili. Kunja mwanzo wake kama unavyoanza kukunja mkeka, kwa kubana sana, dunga mara kadhaa ili usifunguke, endelea kukunja huku unaingiza pande zote mbili ndani, dunga tena. Hapa pa kubana ndipo wengi wanapoteleza. Wanakunja kilegelege wakidhani sindano itafanya yote. Hewa uliyoifungia ndani mwanzoni utalazimika kuitoa kwa sindano, kijitundu kwa kijitundu, na mkono utakuuma.

Sasa sikilizeni, maana hapa sikio linasaidia kuliko jicho. Mwanzoni sindano inaingia kimya, unazamisha mpaka katikati. Geuza mpira kila baada ya midungo mitano sita. Ukikaa upande mmoja unachimba shimo, na upande wa pili unajibandika kwenye sponji. Ndiyo maana unauinua mara kwa mara. Baada ya kama robo saa utaanza kusikia sauti: kr, kr, kr, kama mtu anakanyaga majani makavu chumba cha pili. Nyuzi zimeanza kukaza. Tokea hapo punguza kina. Mwishoni unadunga juujuu tu, nusu sentimita, harakaharaka, kama unapapasa.

Umeiva lini? Ubonyeze kwa dole gumba na cha shahada. Ukizama na kubaki na bonde, bado. Ukizama na kurudi kivivu, bado. Ukigoma, umefika. Mpira wangu wa kwanza ulijaza viganja viwili ukaishia ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza. Nilidhani nimeharibu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa, sufu inanywea kuliko unavyotegemea, kwa hiyo kadiria zaidi.

Jambo moja msilifanyie mzaha: sindano inaingia na kutoka kwenye mstari uleule. Ukiingia kwa mshazari, toka kwa mshazari huohuo. Chuma chake ni kigumu lakini hakipindi, kinakatika. Kuikongoa sufu kwa ncha ya sindano kama unachokonoa jino ndiyo njia ya haraka ya kubaki na nusu.

---

BintiMsuka

Asante sana mleta uzi, nimesoma yote mara mbili. Maswali matatu. Nyuzi za kufumia sweta zinafaa? Manyoya ya mbwa wangu yanafaa? Na nitazuiaje kujichoma, maana mimi na vitu vyenye ncha hatuelewani.

---

MamaWawili

Ngoja nimsaidie mleta uzi, mwanangu.

Nyuzi za sweta zinafaa kama ni sufu tupu. Zifumue, zichane kwa brashi mbili za waya zile za kuchania mbwa, zinarudi kuwa wingu. Ila soma lebo kwanza. Kuna sufu imetibiwa ili isinywee kwenye mashine ya kufulia, magamba yake yameondolewa au kufunikwa na utando. Nilihangaika na nyekundu moja nzuri ajabu, kila nikidunga inachomoka. Nikaona basi, nikaitia kwenye kichwa cha mwanasesere iwe nywele, huko imetulia.

Akriliki inashikana kwa nguvu ya vijino tu, haina magamba ya kusaidia. Nywele za mwanasesere sawa, mwili hapana.

Manyoya ya mbwa: ya ndani, yale malaini yanayotoka ukimchana, yanafaa ukichanganya na sufu. Ya juu yaliyonyooka na magumu yanakataa. Yafue kwanza tafadhali, harufu itakutoa sebuleni.

Kujichoma utajichoma, hilo tukubaliane. Cha kufanya ni mazoea mawili. Jicho likitoka kwenye kazi, mkono unasimama. Ukitaka kumjibu mtu, simama, jibu, rudi. Na vidole vinavyoshika viwe pembeni, sindano iingie mahali pasipo na kidole upande wa pili. Kuna vifuniko vya ngozi vya kuvisha dole gumba na cha shahada, vinasaidia sana kazi inapokuwa ndogo. Watoto wadogo wasikae karibu na kikapu chako, na sindano zihesabu ukianza na ukimaliza.

---

ZamuYaUsiku

Muuguzi hapa, napita tu. Kidonda cha sindano ni kidogo kwa juu lakini kina kina, na vijino vile vinachana sindano ikiingia. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kandamiza damu ikate, acha. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, hasa kama unashughulika na manyoya mabichi kutoka kwenye zizi. Na kama ncha imevunjikia mwilini, usichokonoe kwa sindano nyingine. Nenda ukaonwe. Nimeshapokea mtu aliyechokonoa.

---

Kijiti

@ZamuYaUsiku hapo kwenye "aliyechokonoa" nimekunja vidole vyote.

---

Shajara

Mleta uzi umesema ni ufundi mchanga. Wa sindano, sawa. Lakini felti yenyewe, yaani sufu iliyoshindiliwa ikawa kitambaa pasipo kufumwa, ni ya kale mno, wakati mwingine hutajwa kuwa imetangulia ufumaji. Kwenye makaburi ya Pazyryk, milima ya Altai huko Siberia, barafu ilihifadhi vitu vya felti vya zaidi ya miaka 2,200. Sergei Rudenko alifukua kaburi la tano mwaka 1949 na humo mkatoka batamaji wa felti, waliojazwa ndani, shingo imesimama, midomo imewekwa kwa felti ya rangi nyingine. Wako makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Hao walitengenezwa kwa felti iliyoshindiliwa kwa maji na msuguano, kisha ikakatwa na kushonwa. Maji ya moto yanafungua magamba, sabuni inalainisha, mikono inasugua, nyuzi zinatambaa na kufungana.

Ninachotaka kusema ni kwamba njia hizi mbili ni ndugu, zinaweza kusaidiana. Mimi naanza kwa sindano, halafu naumalizia uso kwa maji ya moto na sabuni kwenye kiganja. Matundu yote yanapotea.

---

SindanoTatu (mleta uzi)

@Shajara hapo kwenye maji nimejifunza kitu, asante. Kwa mpira nitajaribu. Kwa mnyama mwenye sura naogopa, pua inaweza kuhama.

---

FundiWaya

Wakuu, mmesahau mifupa. Mnyama wa miguu minne mrefu, au ndege wa kusimama kwa vidole, bila waya ataanguka kifudifudi.

Tumia waya laini unaopindika kwa mkono. Pinda ncha zote kuwa kitanzi, zisije zikatoboa kutokea nje baada ya mwezi. Tatizo la waya ni utelezi: sufu inazunguka kama soksi iliyolegea. Dawa yake ni kusokota waya mbili pamoja ili kuwe na mikunjo ya kushika, au kutumia ule waya wenye manyoya wa ufundi wa watoto. Sokota sufu ya kukwaruza kwa vipande vyembamba sana, ukivuta kwa nguvu, ukipishanisha kama unafunga bendeji. Halafu dunga kwa mshazari ukipitia kando ya waya. Sindano ikigonga waya uso kwa uso, kwisha habari yake. Nilivunja saba kwenye twiga mmoja. Saba. Shingo ile nikiiona mpaka leo nageukia pembeni.

---

BintiMsuka

Mpira umekamilika! Umekuwa kama yai lililokaliwa, lakini mgumu. Nimeusikia ule mlio wa kr kr jamani, nikabaki nacheka mwenyewe.

Sasa namfanya panya. Masikio yanatoka. Kila nikiyaweka, nikivuta kidogo yanabaki mkononi. Nakosea wapi?

---

MamaWawili

Uliyakamilisha mpaka chini, siyo? Sikio, mguu, mkia, kila kiungo unakidunga kikiwa bapa juu ya sponji, lakini upande utakaoungana unauacha mwitu, nyuzi ndefu zimetawanyika. Hizo ndizo mizizi. Ukishabandika unazitandaza pande zote kama sketi, unazididimiza kwa 38 ndani kabisa ya kichwa. Halafu unaongeza kipande chembamba cha sufu juu ya kiungio, mbele na nyuma, unakidunga kipotee. Na kichwa chenyewe kisiwe kimekaza kama jiwe kabla ya kubandika, mizizi itakosa pa kuingilia.

---

BintiMsuka

Kumbe! Nilidunga masikio mpaka yakawa kama vifungo vya koti. Nayatengeneza upya.

---

TaiChongo

Haya, nauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Akitaka rangi ya kijivu na ana nyeusi na nyeupe tu, anafanyaje?

---

Kijiti

Rafiki yako 😂😂😂 karibu nyumbani mkuu.

---

SindanoTatu (mleta uzi)

Mwambie rafiki yako ashike nyeusi kidogo na nyeupe nyingi, azivute kwa mikono miwili, aziweke moja juu ya nyingine, avute tena, aweke, avute. Mara kumi zinabaki na mistari, na mistari hiyo ni mizuri kwa mnyama maana hakuna mnyama wa rangi moja tupu. Mara 30 au 40 inakuwa kijivu kamili. Aanze na nyeusi kidogo kuliko anavyodhani, ina nguvu ya kumeza nyeupe yote.

Ule mteremko wa rangi wa kifua cha bundi nilioutaja mwanzo ni hivyohivyo: mimi nilitumia michanganyiko mitano, kahawia tupu upande mmoja na nyeupe tupu upande mwingine, kila moja safu nyembamba ya kuonekana mkono kwa chini, ikipandia kidogo iliyotangulia. Nilikuwa nabandika vipande vinene, vinakaa kama viraka. Safu tatu nyembamba zinashinda moja nene, kila mara.

Macho yaweke kabla ya kumaliza sura. Dunga mashimo mawili kwa kina, weka shanga nyeusi, zishone kwa uzi imara mpaka nyuma ya kichwa, vuta kidogo ili zizame. Halafu zungushia nywele chache za sufu, juu na chini, ziwe kope. Jicho lililokaa juu ya uso linamfanya mnyama aonekane amestuka. Lililozama linamfanya aonekane anawaza.

Ila kama ni wa kumpa mtoto mchanga, hapana shanga na hapana waya. Na hata bila hivyo, mtoto wa kuweka kila kitu mdomoni asipewe, manyoya yanatoka.

---

MamaWawili

Na kuna matumizi mengine hamjayagusa. Sweta ya sufu iliyotoboka. Weka sponji ndani chini ya tundu, tandaza sufu ya rangi inayoelekeana, dunga kwa 38 kisha 40, geuza upande wa ndani udunge pia. Ukitaka kiraka chenye umbo, tumia kile kibati cha kukatia maumbo, jaza sufu humo ndani na udunge bila kutoka nje ya kingo. Kwa anayeanza hiyo ni kazi ya jioni moja na inavalika. Kufua iwe kwa mkono, maji baridi.

---

Kijiti

Wakuu, nilisema mleta uzi ameshusha nondo. Sasa nimepata nondo wa kweli. Nimefungua boksi nililoweka sungura wangu wawili wa mwaka jana (sikuwahi kuwaonyesha, nilikuwa naona aibu) nikakuta mmoja hana mgongo. Kuna vumbi kama mchanga na vitu kama vipunje vyeupe.

---

SindanoTatu (mleta uzi)

Pole mkuu. Kumbe na wewe ni wetu, ulikuwa unapiga makofi tu!

Nondo mwenyewe hali kitu, wanaokula ni viwavi wake, na chakula chao ni keratini, ile ya nywele, manyoya na kucha. Wanapenda gizani, pasipoguswa. Boksi lililofungwa mwaka mzima kwao ni hoteli.

Toa kila kitu nje, kung'uta, piga brashi. Yaliyobaki funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, tia kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Ukitoa usifungue mfuko mpaka joto lisawazike, la sivyo unyevu wa hewani utatua kwenye sufu. Boksi lenyewe lifagie na kulifuta kila kona, mayai hukaa kwenye mikunjo. Baada ya hapo waweke mezani, wapate mwanga na kuguswaguswa. Sufu ambayo haijatumika ikae kwenye mifuko iliyofungwa, na kila mpya inayoingia nyumbani ipitie friza kabla ya kuchangamana na nyingine.

Mgongo hautupwi. Ng'oa sehemu iliyoliwa mpaka ufike palipo pagumu, jaza sufu mpya, dunga. Hii ndiyo raha ya kazi hii, hakuna kinachoharibika moja kwa moja. Kichwa kikubwa? Endelea kudunga kitapungua. Kidogo? Ongeza safu. Kimekaa upande? Kata na mkasi, ubandike upya.

---

Kijiti

Asante mkuu. Mwenye mgongo mzima anaingia friza leo. Mama mwenye nyumba ameuliza kwa nini kuna sungura kwenye friza, nimemwambia ni habari ndefu.

---

TaiChongo

Rafiki yangu amevunja sindano. Ncha imebaki ndani ya tembo. Haonekani, yaani haionekani.

---

FundiWaya

Asiendelee kudunga na asimkabidhi mtu tembo huyo. Apitishe sumaku yenye nguvu taratibu juu ya ngozi, sindano hizi ni za chuma, akifika mahali pake ataona sufu inainuka kidogo au atahisi mvuto. Abonyeze pande zote mbili kwa koleo, si kwa vidole, ncha itachomoza. Ikigoma, achane hapo kwa mkasi mdogo, atoe, ajaze. Kisha alinganishe vipande viwili vya sindano pembeni, ahakikishe urefu umetimia.

---

BintiMsuka

Masikio yameshika!! Nimemning'iniza panya kwa sikio moja, nikamtikisa, hajaanguka. Mkia umepinda na ana jicho moja juu kuliko jingine, lakini masikio yameshika.

---

TaiChongo

Imepatikana. Ilikuwa kwenye goti la nyuma. Nimeilinganisha, urefu umetimia.

Na ndiyo, tembo ni wangu. Hajapata mkonga bado. Mkonga unaanzia ndani ya uso au unabandikwa mwishoni?

---

MamaWawili

Unabandikwa, mwanangu, na mizizi mirefu. Weka waya.